Gemu yenye kufuli na isiyo na kufuli: anayelipa achukue ipi?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, anasubiri majina ya JKT. Miezi kadhaa sasa anabadilisha vioo vya simu kwenye kibanda cha rafiki yake, na fedha aliyoipata kainunulia kompyuta ya mkononi iliyokwishatumika. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Nataka kununua gemu yangu ya kwanza kihalali, nimechoka kuwekewa kwenye flashi. Sasa naona The Witcher 3 iko Steam, iko GOG, iko Epic, na bei hazipishani sana. Nichukue wapi?"

Hayo matatu ni maduka ya mtandaoni ya gemu za kompyuta. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia asilipe kwanza. Bei ya siku ya kununua inaonekana kirahisi. Kisichoonekana ni kufuli, na hilo ndilo utakaloishi nalo miaka yote utakayotaka kuicheza gemu hiyo.

Kufuli ninalolisema ni kinga anayoiweka mtengenezaji ili gemu yake isinakiliwe. Kazi yake ni kuuliza swali moja tu: huyu anayefungua, amelipa? Tofauti iko kwenye namna ya kuuliza. Kuna kufuli linalouliza mara moja, siku ya kusakinisha, likanyamaza. Kuna linalouliza tena ukibadilisha kifaa. Kuna lisilonyamaza kabisa, linauliza muda wote unaocheza, na likikosa jibu gemu inasimama. Na zipo gemu ambazo hazikuulizi chochote.

Mimi somo hili nililipata Lushoto. Mwaka juzi, sikukuu ya Idd, nilipanda huko kwa wakwe zangu nikiwa na kompyuta na gemu ya mbio za magari niliyoilipia mwezi mmoja kabla. Usiku wa pili watu wameshakula, umeme upo, watoto wa nyumba wamenizunguka wanasubiri kuona magari. Nikafungua. Kikaja kisanduku cheupe katikati ya kioo: gemu haikuweza kuthibitishwa, unganisha intaneti ujaribu tena. Simu yangu ilikuwa na mnara mmoja unaokuja na kupotea. Nikatoka nje, nikapanda mpaka nyuma ya zizi, nikarudi, nikaiweka simu dirishani na kuwasha hotspoti. Nilijaribu mara sita. Bando likaliwa, kibali hakikuja. Wakati huohuo kijana wa jirani, mwanachuo aliyekuja likizo, akaleta kompyuta kuukuu kuliko yangu na kufungua gemu ileile. Yake ilikuwa nakala iliyokwishavunjwa kufuli. Ikafunguka papo hapo, na watoto wakahamia kwake.

Sina kinyongo na kijana yule. Kinyongo nilikuwa nacho kwa waliopokea fedha yangu kisha wakanisimamisha mlangoni, wakati asiyewalipa anapita. Kufuli lile lilimfunga mtu mmoja tu katika nyumba nzima, naye ni mteja.

Kwa hiyo ninapolinganisha gemu sasa, naanza na maswali haya: itafunguka nikiwa sina mtandao? Itafunguka kwenye kompyuta nyingine? Inaila nguvu ya mashine yangu? Na kampuni ikichoka nayo, nitabaki na nini?

GOG: mzigo unaondoka nao

Duka hili lilianzishwa mwaka 2008 na CD Projekt ya Poland, kampuni ileile yenye studio iliyotengeneza The Witcher. Lilianza kwa kuuza gemu za zamani, na sharti lake tangu mwanzo ni kwamba gemu inatoka bila kufuli. Ukishalipa, unaingia kwenye akaunti yako na kupakua faili la kusakinishia. Gemu kubwa zimegawanywa vipande visivyozidi GB 4 kila kimoja, hivyo hata flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa zamani inavibeba. Vikishatimia, unaviweka kwenye ekstena, yaani diski ya nje, na shughuli imekwisha. Hakuna seva inayopigiwa simu, hakuna nywila inayoulizwa.

Vipande vyangu vya The Witcher 3 nilivishusha kwa bando la usiku, vitatu vitatu, kwa karibu wiki mbili. Ekstena ile nimeibandika plasta yenye maandishi ya kalamu ya wino. Tangu hapo nimebadilisha kompyuta mara mbili, na mara zote mbili nimesakinisha gemu hiyo bila kutumia hata MB moja. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa kipimo, hiyo ni faida anayoihesabu kwa shilingi.

Kasoro zipo. Gemu nyingi kubwa zinazotoka mwaka huu hutazipata GOG, kwa sababu wachapishaji wake hawakubali kuuza bila kufuli. Masahihisho ya gemu nyingine huchelewa kufika. Kucheza na wenzako kupitia intaneti mara nyingi kunahitaji programu yao iitwayo Galaxy. Na hata neno "bila kufuli" limewahi kuzua ugomvi hapo hapo dukani: Septemba 2021 GOG ilianza kuuza gemu ya Hitman ambayo sehemu zake nyingi, pamoja na kufungua silaha na vifaa vipya, hazikufanya kazi bila intaneti. Wateja walikasirika, wakasema hilo ni kufuli lililobadilishiwa jina, na mwezi uliofuata duka likaiondoa. Mimi huona kisa hicho kinawapa sifa wateja zaidi ya duka. Walijua walichokuwa wanakilipia, wakakidai.

Steam: kufuli jepesi

Steam, duka la kampuni ya Valve, ilianza 2003, na ilipotoka gemu ya Half-Life 2 mwaka 2004 watu wengi walichukia, maana hata aliyenunua diski dukani alilazimika kufungua akaunti na kuithibitisha gemu mtandaoni. Leo ndilo duka ambalo karibu kila mchezaji wa kompyuta analo, na kwa kweli kufuli lake lenyewe ni jepesi. Ukishaingia mara moja ukiwa na intaneti, gemu ikawa imekamilika kusasishwa na umeifungua japo mara moja, unaweza kuweka hali ya nje ya mtandao ukaenda nayo kijijini. Tatizo huwapata wanaosahau hatua hiyo. Wanazima kompyuta katikati ya sasisho, wanapanda basi, wanafika Newala gemu inadai imaliziwe GB 6 zilizobaki.

Zipo pia gemu ndani ya Steam ambazo hazina kufuli kabisa. Unanakili folda yake, unaipeleka kwenye kompyuta isiyo na Steam, inafunguka. Duka halikutangazii zipi ni za namna hiyo, lakini wachezaji wameziorodhesha na utafutaji mdogo unakupa jibu.

Kwa watu wa bando, Steam ina jambo jingine zuri: kompyuta mbili zikiwa kwenye Wi-Fi moja, ya pili inachukua gemu kutoka ya kwanza bila kuipakua upya. Na kuna mpango wa familia wa hadi watu sita wa nyumba moja kuchangia gemu zao, kila mtu kwa akaunti yake. Mtu na mdogo wake wanaweza kununua gemu tofauti na kupokezana.

Lakini usidanganyike kuhusu unachokinunua. Tangu Oktoba 2024, kabla hujalipa Steam, kuna maelezo mafupi yanayokuambia kwamba unapewa leseni ya kutumia gemu. Maelezo hayo yalikuja baada ya jimbo la California kupitisha sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayokataza duka kumwambia mtu "nunua" bila kumweleza kwamba anachopata ni leseni inayoweza kuondolewa. Mkataba wa Steam hauruhusu akaunti kumhamia mtu mwingine. Ekstena yangu ya plasta naweza kumwachia mwanangu. Akaunti, kwa mujibu wa mkataba, siwezi.

Epic ninaipitia haraka. Lilifunguliwa Desemba 2018, halilazimishi kufuli lake juu ya gemu, na kila wiki linatoa gemu ya bure. Lakini linauza pia gemu zenye makufuli ya watu wengine, kwa hiyo jina la duka halikuambii kitu. Inabidi uangalie gemu moja moja.

Denuvo: kufuli zito, na hapa tukae kidogo

Denuvo inatoka Salzburg, Austria. Gemu ya kwanza kujulikana nayo ni FIFA 15, mwaka 2014, na tangu 2018 kampuni hiyo ni mali ya Irdeto, kampuni ya usalama wa kidijitali. Haiuzwi kwako wewe. Kampuni inaiuza kwa mchapishaji wa gemu, naye anaiingiza ndani ya gemu, halafu gemu inawekwa Steam au Epic. Ndiyo sababu mtu anaweza kusema "nimenunua Steam, nimeshazoea" kumbe safari hii kuna kufuli mbili mlangoni.

Mara ya kwanza kwenye kila kompyuta, gemu yenye Denuvo inahitaji intaneti ipewe kibali kinacholingana na mashine hiyo. Ukibadilisha prosesa, au gemu ikipata sasisho, kibali huweza kuombwa upya. Na kuna kikomo: kwa kawaida kompyuta tano kwa siku moja. Utaniuliza nani ana kompyuta tano. Waulize wanaotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, au Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi. Wakibadilisha toleo la Proton, ile programu inayowezesha gemu za Windows kufanya kazi kwenye Linux, Denuvo huhesabu kila toleo kuwa kompyuta mpya. Mtu ana mashine moja mkononi, anatafuta toleo litakalompa mwendo mzuri, na akifika jaribio la sita anafungiwa saa 24. Hajamnakilia mtu chochote.

Novemba 2021 ulikuwa mwezi mbaya kwa wateja wa namna hii. Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 12, zenye viini vikubwa na vidogo ndani ya kipande kimoja. Gemu kadhaa zenye kufuli zilikataa kufunguka au zilizimika katikati, kwa sababu kufuli liliona viini vidogo likadhani ni kompyuta nyingine. Waliopata adha hiyo ni watu waliokuwa wametoka kutumia fedha nyingi kuliko wote, waliolipia gemu na prosesa mpya. Mwezi huohuo, anwani ya intaneti inayotegemewa na seva za Denuvo ilikufa kwa muda, na kwa saa kadhaa watu wa nchi mbalimbali wakashindwa kufungua gemu walizozimiliki siku nyingi, Shadow of the Tomb Raider ikiwa mojawapo.

Halafu kuna suala la mashine kuelemewa, nalo linazua ubishi usiokwisha. Si kila gemu yenye Denuvo inakwama, na si kila kukwama ni kosa la kufuli. Hata hivyo kuna kisa kimoja kilichopimwa vizuri. Resident Evil Village ya Capcom ilitoka Mei 2021. Kwenye kompyuta, waliolipia walilalamika kwamba picha inaganda kidogo kila wanapompiga adui risasi, yaani pale hasa unapohitaji mkono usitetereke. Julai ikatokea nakala iliyovunjwa kufuli, na watu wakaona kwamba humo kuganda kule hakupo. Digital Foundry, wanaopima gemu kwa kazi, wakazilinganisha mbili hizo na kuthibitisha. Capcom ilikuwa imeongeza kinga yake yenyewe juu ya Denuvo. Baada ya kelele kampuni ikatoa sasisho mwezi huohuo wa Julai, likirekebisha kinga hiyo, na kukwama kukapungua sana.

Tazama mpangilio wa matukio hayo. Mwenye nakala ya kuiba alipata gemu laini bure. Aliyelipa bei kamili siku ya kwanza alicheza miezi miwili huku picha zikiganda, na kilichomkomboa ni aibu iliyoletwa na wavunjaji kufuli. Mimi sinunui wala situmii nakala zilizovunjwa, na sitamshauri mpwa wangu azitumie. Lakini anayetaka watu waache kuiba hawezi kuuza bidhaa iliyo mbovu kuliko ile ya wizi.

Gemu isiyofunguka bila seva

Huku ndiko kubaya zaidi. Gemu ya namna hii inaongea na seva ya kampuni muda wote, hata kama unacheza peke yako chumbani.

Kampuni ya gemu ya Ubisoft ilijaribu mtindo huo mwaka 2010 kwa Assassin's Creed II ya kompyuta. Hiyo ni hadithi ya mtu mmoja anayetembea Italia ya kale, haina haja ya mchezaji wa pili. Bado, intaneti ikikatika gemu inasimama palepale mpaka irudi. Machi 2010 seva zao zikashambuliwa, na wateja halali wakakosa kucheza wikendi. Mwaka 2012 kampuni ikasema imeachana na mtindo huo.

Kampuni nyingine, EA, ikafuata na SimCity, Machi 2013. Watu walinunua gemu ya kujenga mji, wakaishia kupanga foleni ya kuingia kwenye seva. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba Amazon ilisitisha kwa muda kuuza nakala yake ya kupakua, na EA ikawapa wateja gemu nyingine bure kama fidia. Uwezo wa kucheza bila intaneti ukaletwa Machi 2014, mwaka mzima baadaye.

Foleni na seva iliyolemewa, hayo yana mwisho wake. Lililowapata wateja wa The Crew halina. Ni gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka 2014, na mtu aliweza kuiendesha peke yake kuvuka Marekani nzima. Desemba 2023 iliondolewa madukani, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Baada ya hapo haikufunguka kwa mtu yeyote, mwenye diski na asiye nayo. Kisha wateja wakaanza kuona hata leseni zao zimeondolewa kwenye akaunti. Kutokana na kisa hicho ikazaliwa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa 2024 na Ross Scott, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Wanachokidai ni kidogo: kampuni ikiamua kuzima seva, iiache gemu katika hali inayochezeka. Ubisoft yenyewe Septemba 2024 ilitangaza kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest zitapata njia ya kucheza bila mtandao, jambo linaloonyesha kwamba inawezekana mtu akitaka.

Kwa hiyo gemu ya kucheza na wenzako mtandaoni, kama mpira wa mashindano, inunue ukijua umelipia kiingilio cha uwanja. Gemu ya hadithi ya mtu mmoja inayodai seva, mimi siinunui hata ikishushwa bei hadi dola tano.

Na diski je?

Nyumbani wengi bado tunaiamini diski, na kwa PlayStation 4 imani hiyo ina msingi: ukimaliza unaiuza, unamwazima mwenzio, banda la gemu la mtaani linaichukua. Ila diski za kompyuta za zamani zina balaa lake. Nyingi zililindwa kwa kufuli liitwalo SafeDisc, na mwaka 2015 Microsoft ilipoleta Windows 10 iliacha kuikubali kwa sababu za usalama. Mtu mwenye diski halali, boksi zuri na kitabu chake, akiiingiza leo gemu haianzi. Baadhi ya gemu hizo zinauzwa GOG, bila kufuli, zikiwa zimetengenezwa zifanye kazi kwenye Windows za sasa. Upande mwingine, Switch 2 ya 2025, mashine ya gemu ya Nintendo, imeleta kadi ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu. Unaichomeka kisha unapakua gemu nzima. Soma boksi kabla hujalibeba.

Upande wa mtengenezaji

Haki itendeke. Wizi wa gemu ni wa kweli na unaumiza watu wadogo. Mwaka 2013 studio ndogo ya Greenheart Games, ya ndugu wawili, ilitoa Game Dev Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya kutengeneza gemu. Siku ileile wakasambaza wenyewe nakala ya bure kwenye mitandao ya wizi, waliyoibadilisha kidogo: ndani yake kampuni ya mchezaji inafilisika kwa sababu watu wanaiba gemu zake. Siku ya kwanza waliocheza walikuwa 3,318, na 3,104 kati yao walitumia nakala ya wizi. Nikisoma hesabu hiyo siwezi kumwambia mtengenezaji aache mlango wazi na kumshukuru Mungu.

Kinga inasaidia, lakini kwa muda. Utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina uliochapishwa 2024 uliangalia gemu 86 zenye Denuvo. Kufuli likivunjwa wiki ya kwanza, mapato hupungua kwa wastani wa karibu asilimia 20. Likivunjwa baada ya wiki 12, hasara karibu haipo. Maana yake kwa mteja ni kubwa: baada ya miezi mitatu, kufuli linaendelea kumsumbua aliyelipa wakati faida yake kwa mwenye gemu imekwisha. Wachapishaji wengine wameliona hilo, wanaliondoa wenyewe. Gemu ya Doom ilitoka Mei 2016 na Denuvo yake ikaondolewa Desemba mwaka huohuo. Ningependa jambo hili liwe kawaida, liandikwe kwenye ukurasa wa kuuzia: kufuli hili litatolewa tarehe fulani. Mimi ningelipia gemu hiyo siku ya kwanza kwa moyo mweupe.

Zamani makampuni yaliamini kwamba kufuli kali ndilo linaloshinda. Spore ya EA, mwaka 2008, ilikuja na kufuli la SecuROM na ruhusa ya kusakinisha mara tatu tu. Wateja waliijaza ukurasa wake wa Amazon nyota moja moja kwa maelfu, na bado gemu ikawa miongoni mwa zilizoibwa sana mwaka ule.

Kabla ya kulipa, tazama hapa

Kwenye Steam, fungua ukurasa wa gemu na utazame upande wa kulia, chini ya orodha ya sifa zake. Gemu ikiwa na kufuli la mtu wa tatu, kuna kisanduku cha rangi tofauti kinachotaja jina la kufuli na kikomo cha kompyuta. Kisome. Ikidai akaunti ya kampuni nyingine, napo pameandikwa. Kwenye simu sehemu hiyo inajificha chini sana, shuka mpaka uione.

Kurudishiwa fedha pia kunatofautiana. Steam inakurudishia ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. GOG inakupa siku 30 hata kama umeshaipakua na kuicheza, mradi usiifanye mazoea. Kwa hiyo gemu nzito usiyo na hakika kama kompyuta yako itaibeba, GOG inakupa nafasi kubwa zaidi ya kuijaribu. Saa mbili za Steam huisha upesi, hasa gemu yenyewe inapotumia dakika za mwanzo kuandaa michoro.

Mimi na wewe tunaofikiria mgao na minara, ningepanga hivi. Gemu ya hadithi ikiwa GOG, chukua GOG, hata kama Steam imeipunguzia bei kidogo. Ikiwa iko Steam tu bila kufuli la ziada, nunua bila wasiwasi, ila fanya nakala ya folda yake kwenye ekstena. Ikiwa na Denuvo, iweke kwenye orodha yako ya matamanio usubiri. Huenda bei ikashuka na kufuli likatolewa. Kama huwezi kusubiri na unaishi mjini kwenye intaneti ya uhakika, nunua, lakini angalia kwanza maoni ya wenye mashine kama yako. Kuhusu za seva muda wote nimeshasema.

Kwa mpwa wangu jibu lilikuwa jepesi, kwa sababu ya JKT. Akiitwa, kompyuta italala kwa mama yake Newala miezi mitatu, haigusi mtandao. Akirudi akaiwasha usiku wa kwanza, Steam inaweza kudai aingie upya kwa namba ya siri inayotumwa kwenye barua pepe, na hapo ndipo atakapotafuta mnara juu ya mwembe kama mimi nilivyoutafuta nyuma ya zizi. Nilimwambia achukue The Witcher 3 ya GOG. Zipo nyingine mbili alizozitaka, moja ina Denuvo. Hiyo tumekubaliana aiangalie tena akirudi.

Jana usiku, saa saba, alinitumia picha ya kioo chake. Kipande cha tisa kinaingia, bando la usiku limebakiza GB 3. Nimemjibu kwamba vikitimia asakinishe, kisha azime data kabisa, aizime kompyuta, aiwashe, aifungue gemu, acheze robo saa. Akiona imefunguka, ndipo anunue plasta.